Jinsi ya Kuchora Ukuta Wenye Madai: Mwongozo kwa Vikundi vya Mtaani

Februari 2012 waliopita karibu na City Market jijini Nairobi, kwenye barabara ya Muindi Mbingu, walikuta ukuta una tumbusi mkubwa aliyevaa suti. Alikuwa mheshimiwa, na maneno ya pembeni yalimtia kinywani majigambo yake mwenyewe: naiba kodi zao, nanyakua ardhi, na bado watanipigia kura. Mchoro huo ulifanywa usiku na wachoraji wa grafiti, miongoni mwao Swift9, Bankslave, Smokillah na Uhuru B, wakishirikiana na mpigapicha Boniface Mwangi, ambaye alikuwa amezirekodi kwa kamera ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walisimama kupiga picha kwa simu, na wengine wakabaki kubishana palepale.

Tangu hapo kila kikundi cha vijana kinataka tumbusi wake. Shida ni kwamba wengi huanza kwa kununua rangi. Ukuta hutafutwa baadaye, wenye mtaa huarifiwa siku ya kuchora, na dai hubuniwa wakati brashi iko mkononi. Matokeo tunayaona: ngumi iliyokunjwa, njiwa, neno HAKI kwa rangi nyekundu, na baada ya miezi mitatu tangazo la mganga limebandikwa juu yake bila mtu kulalamika.

Mwongozo huu unapanga kazi kwa mfuatano mwingine. Rangi inaingia katikati, na sehemu ndefu zaidi ni ya kabla yake. Sheria ninazozitaja ni za Kenya. Walio Tanzania, Uganda au Kongo watalazimika kuuliza za kwao kabla ya kugusa ukuta wowote.

Hatua ya 1: Pateni dai

Ufisadi si dai. Ukosefu wa ajira si dai. Hayo ni mambo ya kuzungumzia. Dai lina ofisi inayodaiwa, kitu kinachodaiwa, na ikiwezekana siku. "Kaunti ifungue choo cha soko kabla ya Aprili" ni dai. Kipimo ninachotumia ni kimoja: je, anayedaiwa anaweza kujibu ndiyo au hapana? Kama jibu lake linaweza kuwa "sote tunapinga ufisadi", bado hamjafika.

Chukueni tukio la tarehe 14 Mei 2013. Wabunge wapya walikuwa hawajamaliza hata miezi michache ofisini wakaanza kutaka mishahara mikubwa zaidi. Wanaharakati wakapeleka nguruwe na damu hadi mlango wa Bunge. Wengine walichukizwa na namna wanyama wale walivyotumiwa, na wana hoja. Lakini hakuna Mkenya aliyehitaji kuelezwa nguruwe wale walikuwa nani, wala ni nini wasichotakiwa kukila.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzangu. Michoro ya amani mara nyingi haidai chochote. Mwanzoni mwa 2008, watu wakichinjana Kibera, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka akiandika maneno ya amani kwenye kuta, mageti na vibanda. Hilo lilikuwa dai kali, tena la hatari, kwa sababu aliyedaiwa alikuwa jirani mwenye panga na alikuwa akipita hapo kila siku. Kufikia uchaguzi wa 2013 amani ilikuwa imechorwa hadi kwenye mabehewa ya treni ya abiria, na neno lilelile likawa linatumiwa kuwanyamazisha waliotaka kuuliza kuhusu kura. Neno halikubadilika, ila hapakuwa tena na wa kudaiwa. Mkiona mchoro wenu unaweza kupendwa na kila mtu, pamoja na yule mnayemlalamikia, rudini mezani.

Kabla ya kuendelea, hakikisheni dai lina ukweli chini yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia wa Kenya haki ya kuiandikia ofisi ya umma akitaka taarifa, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ulizeni: choo kilijengwa kwa pesa gani, nani alipewa kandarasi, kwa nini kimefungwa? Andikeni barua, mpeleke nakala mbili, ya pili igongwe muhuri mbaki nayo. Wakijibu, mna takwimu za kuchora. Wakikaa kimya, huo ukimya wenyewe ni habari na una tarehe. Msiandike ukutani kiasi cha fedha mlichosikia kwa watu. Siku kikionekana si sahihi, mchoro wote unageuka kuwa uongo.

Hatua ya 2: Kaeni na wenye mtaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo vikundi vingi hukimbia.

Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamirithu huko Limuru, wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani walijenga wenyewe ukumbi wa wazi na kuigiza tamthilia kwa Kikuyu, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kilichokuwa kipya ni mazoezi. Yalifanywa hadharani, na wanakijiji walikuwa wakiyakatiza: mzee anasemaje hivi, mbona mkwe anaongea hivyo, kiwandani mambo hayaendi namna hiyo. Maandishi yakarekebishwa. Mnamo Novemba mwaka huohuo serikali ilifuta kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Ngũgĩ alikuwa ameikosoa serikali kwa Kiingereza kwa miaka mingi bila kufungwa. Kilichoitisha dola ni kijiji kizima kuishika kazi ile na kuiona kuwa yake.

Kwa hiyo nendeni mikono mitupu, bila mchoro uliokamilika. Mkionyesha picha iliyokwisha kamilika, watu watasema ni nzuri, kwa adabu, halafu wataondoka. Nendeni na maswali. Itisheni kikao cha kwanza pale watu wanapokaa tayari: nje ya kinyozi, kwenye foleni ya bomba la maji, maskani, baada ya chama cha kina mama. Mmoja aandike maneno ya watu jinsi walivyoyasema, bila kuyasafisha. Mama anayesema "tunakojoa kwenye mkebe na ushuru tunalipa" amekupa mstari bora kuliko utakaotungiwa na mtu yeyote wa kikundi.

Waulizeni pia wasichotaka kukiona. Kuna mitaa ambako picha ya bunduki itawaumiza waliofiwa. Kuna mahali ambapo mwanamke aliyechorwa nusu uchi, hata akiwa alama ya taifa, atafanya ukuta upakwe chokaa siku hiyohiyo na wazee wa msikiti, na mtaa utawaunga mkono wazee.

Kikao cha pili kiwe cha kuonyesha michoro mitatu ya penseli, si mmoja. Watu wakipewa mmoja hujibu ndiyo. Wakipewa mitatu huanza kubishana, na mabishano ndiyo mnayoyatafuta. Mzee wa nyumba kumi na chifu waelezwe mapema. Hamuombi ruhusa ya kusema, ila mtu aliyejulishwa wiki mbili kabla hapigi simu kituo cha polisi kwa mshtuko.

Kama mnataka kuchora uso wa mtu aliyeuawa, na tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha nyuso hizo ni nyingi, nendeni kwanza kwa familia. Nendeni wachache, na mtu wa makamo miongoni mwenu, mkae, mtoe pole kabla ya kutaja rangi. Waulizeni wanapenda picha ipi, jina liandikwe vipi, na kama wangependa mama yake awe anakutana na uso huo kila anapokwenda dukani. Wakikataa, mmekatazwa. Hakuna "kwa ajili ya harakati" inayoshinda neno la mzazi.

Hatua ya 3: Tafuteni ukuta

Ukuta mzuri ni ule ambao watu husimama mbele yake, si ule wanaoupita mbio. Stendi ya matatu, foleni ya zahanati, ukuta unaotazamana na vibanda vya chai. Ukuta wa kando ya barabara kuu unaonekana na wengi, lakini abiria wana sekunde chache tu, kwa hiyo huko andikeni maneno manne na picha moja, basi.

Angalieni mambo haya kabla ya kumfuata mwenyewe. Jua: ukuta unaopigwa na jua la alasiri kila siku hufifia haraka, na nyekundu na njano ndizo hutangulia. Unyevu: wekeni kiganja chini karibu na msingi, kama plasta inabanduka au ina unga mweupe wa chumvi, anzeni mchoro juu ya hapo au mtafute ukuta mwingine. Plasta mpya isubiri karibu mwezi mmoja ikauke, la sivyo itaisukuma rangi nje. Bati linachoreka, ila linataka rangi ya mafuta na kusuguliwa msasa kwanza.

Halafu mwenye ukuta. Tafuteni mwenye ploti hasa, msiridhike na mpangaji au kijana anayelinda. Shule, kanisa au msikiti una kamati, na kamati ina mwenyekiti. Ukuta wa serikali unahitaji kibali cha ofisi husika, na katika kaunti nyingi hata ukuta wa mtu binafsi unaotazama barabara unaweza kuangukia sheria ndogo za matangazo ya nje, kwa hiyo ulizeni ofisi ya wadi. Kuchora ukuta wa mtu bila idhini kunaweza kuwaletea shtaka la kuharibu mali. Tumbusi wa 2012 alichorwa usiku na watu waliojua walichokuwa wakikihatarisha. Mwongozo huu ni kwa kundi linalotaka mchoro wake ubaki.

Idhini iwe ya maandishi. Haihitaji wakili. Andikeni hivi:

"Mimi, mwenye ploti nambari …, nimekubali kikundi cha … kichore kwenye ukuta wangu unaotazama barabara ya … kuanzia tarehe … hadi …. Nimeonyeshwa mchoro na maneno yatakayoandikwa, na nakala yake imeambatanishwa. Kikundi kitaupaka ukuta rangi yake ya awali baada ya muda huo nikitaka. Sahihi ya mwenye ukuta, sahihi za wawili wa kikundi, shahidi, tarehe."

Sentensi ya kuonyeshwa maneno ndiyo muhimu zaidi. Mwenye nyumba atapigiwa simu na watu wakubwa, na lazima awe alijua anachokubali. Kumficha ni kumsaliti, na atakuwa wa kwanza kununua chokaa.

Fikirini pia ukuta utafaidi nini zaidi ya ujumbe. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa ajulikanaye kama JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapohapo. Zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo zilizuia mvua isipenye mabati. Unaweza kuuliza kama mtaa ule ulizihitaji picha za mgeni, lakini hesabu yake ya paa ilikuwa sahihi. Kwenu inaweza kuwa benchi la saruji chini ya mchoro, ubao wa kuandikia nambari za dharura, au tu ukuta uliokuwa unanuka mkojo ukawa msafi.

Hatua ya 4: Maneno

Mwandiko wa ukutani tunao mwalimu wake nyumbani, nao ni kanga. Jina la kanga ni mstari mmoja, herufi kubwa, linasomeka kwa mtu anayeshuka mtaani nyuma ya aliyelivaa, na linamgusa mlengwa bila kumtaja. Miaka nenda rudi wanawake wa pwani wamesema kwa kanga yale wasiyoweza kuyasema kwa mdomo. Andikeni mstari wenu kwa kipimo hicho: maneno matano au sita, usizidi saba. Ukihitaji mkato, umeshakuwa mrefu.

Swali nalo lina nguvu kuliko tamko. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alisambaza waraka wenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Neno moja tu la kuuliza baada ya jina la nchi, na kwa waraka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 3.

Kuhusu kutaja majina, msimamo wangu ni huu: taja ofisi, usitaje mtu. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza na kinataja ubunifu wa kisanaa waziwazi, lakini kinaondoa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki, na kinataka heshima ya wengine izingatiwe. Mtu aliyetajwa jina anaweza kuwapeleka mahakamani kwa kashfa. Ofisi haina uso wa kuchafuliwa. Zaidi ya hapo, waziri huhamishwa, na mchoro wenye jina lake unakufa siku anayohamishwa ilhali choo bado kimefungwa. Fumbo nalo lina mpaka wake. Likiwa zito mno, wanaolielewa ni ninyi peke yenu. Lijaribuni kwa mtoto wa darasa la sita na kwa bibi asiyesoma magazeti.

Ukubwa wa herufi una kanuni rahisi: kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 hivi. Anayesoma akiwa ng'ambo ya barabara, mita 30, anahitaji herufi za sentimita 25. Mkiona hazitoshi, punguzeni maneno. Herufi ziacheni kubwa.

Hatua ya 5: Rangi na pesa

Tuseme ukuta ni mita 6 kwa 3, yaani mita za mraba 18. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba kama 8 kwenye ukuta laini, chini ya hapo kwenye ukuta wa kukwaruza. Mikono miwili ya rangi ya msingi inataka karibu lita 5. Juu yake nunueni nyeupe na nyeusi kwa wingi, kisha makopo madogo ya nyekundu, njano na bluu, na mchanganye zilizobaki wenyewe. Nyeupe huisha kwanza, siku zote. Rangi za kupuliza ni za vivuli na kingo tu. Ukizitumia kujaza ukuta mzima utamaliza bajeti kabla ya saa sita mchana.

Vingine: brashi bapa za inchi 4 na 2, brashi nyembamba za kuandikia, rola mbili zenye mpini mrefu, msasa, kisu cha kukwangua, selotepu ya karatasi, chaki, uzi wa fundi, ndoo, matambara, ngazi au jukwaa la mbao lililofungwa na fundi anayejua. Msipande mapipa. Waulizeni mafundi rangi wa mtaa. Karibu kila mmoja ana nusu kopo lililobaki kwenye kazi fulani, na akilitoa amekuwa mmoja wenu.

Pesa za mwanasiasa msiguse, hata za yule mnayempenda, hata akisema hataki jina lake litajwe. Atalitaja mwenyewe siku ya kampeni. Mchango mdogomdogo wa watu wa mtaa, ulioandikwa kwenye daftari na kusomwa hadharani, unatosha ukuta mmoja. Shirika likitoa fedha, kubalianeni kabla ya kupokea kwamba halitagusa maneno na nembo yake haitazidi kiganja.

Hatua ya 6: Sheria na usalama

Kuchora ukuta wenye idhini si mkutano, lakini uzinduzi wenye watu na vipaza sauti ni mkutano. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Ni taarifa, si ombi. Atakapowaambia "sijawapa ruhusa", mwonyesheni kwa heshima nakala yenye muhuri wake.

Gaweni kazi mapema. Mmoja tu azungumze na askari wa kaunti, yaani kanjo, au polisi, awe mtu mtulivu, na awe na idhini ya ukuta na nakala ya kitambulisho cha mwenye ploti mfukoni. Wengine waendelee kupaka kimya. Mwingine asiye na rangi mikononi asimame mbali akirekodi. Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, kukaa kimya, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo unaishia nje ya saa za kazi.

Haki ya kwenye karatasi na mambo ya barabarani ni vitu viwili. Desemba 2024 Gideon Kibet, aitwaye Kibet Bull, aliyekuwa akichora vibonzo vya kivuli vya kumkejeli rais na kuvisambaza mtandaoni, alitekwa. Aliachiliwa Januari 2025. Nchini Tanzania, Julai 2024, mahakama huko Rungwe, Mbeya, ilimhukumu mchoraji Shadrack Chaula miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5 baada ya video iliyomwonyesha akichoma picha ya rais, na ni watu wa mitandaoni waliomchangia faini. Kwa hiyo kila mshiriki aamue mwenyewe, faraghani, kama uso wake uonekane kwenye picha. Asiyetaka asibembelezwe. Zimeni taarifa za mahali kwenye kamera, na nyuso za watoto zisipandishwe mtandaoni kabisa.

Hatua ya 7: Siku ya kuchora

Kwangueni na kuosha ukuta siku mbili kabla, mpake mikono miwili ya rangi ya msingi, uache ukauke. Kisha gawanyeni mchoro wa karatasi katika miraba ya sentimita 5 na ukuta katika miraba ya sentimita 50, kwa uzi uliopakwa chaki: wawili wanauvuta, wa tatu anauinua na kuuachia ujipige. Hamisheni mraba baada ya mraba kwa chaki. Hapa hata asiyejua kuchora anasaidia, na kazi inakwenda upesi kuliko mtu mmoja hodari akikisia. Rudini ng'ambo ya barabara mtazame kabla ya kufungua kopo.

Anzeni kupaka asubuhi mapema. Juu kwenda chini, mandhari kwanza, vitu vikubwa vinafuata, kingo nyeusi mwisho. Herufi apewe mtu mmoja mwenye mkono uliotulia, aliyekwisha kunywa chai, na asisemeshwe. Someni maneno kwa sauti, herufi kwa herufi, yakiwa bado chaki. Kosa la tahajia ndilo kitu pekee ambacho wapinzani wenu watakipiga picha.

Watoto watakuja. Watengeeni ukanda wa chini, nusu mita, na rangi ya maji. Wakiwa na sehemu yao hawatagusa yenu, na jioni kila mmoja ataleta mzazi kuonyesha alichofanya. Masika na vuli epukeni kama mnaweza; rangi ya maji iliyonyeshewa ndani ya saa chache za kwanza huteremka yote.

Kama ukuta haukupatikana

Tumieni kitambaa. Mita chache za marikani, rangi ya maji iliyozimuliwa kidogo, na stensili. Kwa stensili kateni kadi ngumu, au picha za eksrei kuukuu, ambazo hudumu sana. Herufi kama A, B, D, O, P na R zina kipande cha katikati kitakachoanguka mkiikata yote, kwa hiyo acheni vijidaraja viwili vya kukishikilia. Pakeni kwa sifongo karibu kavu. Ikilowa, rangi hupenya chini ya kadi na herufi huota ndevu. Bango la kitambaa linakunjwa, linahamishwa, linaonekana maandamanoni na baadaye kwenye mkutano wa bajeti. Kwa kubandika karatasi kwenye mbao za matangazo mlizoruhusiwa, pikeni gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi, umiminwe polepole kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka hadi uwe mzito. Ipakeni nyuma ya karatasi na juu yake.

Hatua ya 8: Baada ya rangi kukauka

Siku ya uzinduzi msiishie kwenye ngoma na picha. Leteni karatasi ya malalamiko mtie sahihi mbele ya ukuta. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Bunge, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa haki hiyo kwa bunge la kaunti. Ambatanisheni picha ya mchoro na barua ile iliyokaa bila jibu. Mwakilishi wadi aalikwe kwa barua, awekewe kiti, na asipewe kipaza sauti hadi atakapokuwa na la kujibu.

Acheni kisanduku cheupe kwenye kona ya mchoro, ukubwa wa karatasi nne. Humo andikeni tarehe mliyowasilisha dai, na kila mwezi mmoja wenu aongeze mstari mmoja wa rangi nyeusi. Kazi ya dakika tano, lakini inawapa watu sababu ya kutazama ukuta ule tena, na inampa mwakilishi wadi sababu ya kupita njia nyingine.

Mchoro ukifutwa, msikimbilie kuchora upya usiku huohuo. Pigeni picha chokaa ikiwa bado mbichi, muulize mwenye ukuta nani alimpigia simu, halafu rudini kwenye hatua ya 2 na watu walewale. Kama mtaa hautaki tena, mmejifunza jambo kuhusu dai lenu. Kama unataka, safari hii kina mama wa soko ndio watakaoshika rola, na ni vigumu zaidi kwa kanjo kuwafukuza.

Choo kikifunguliwa, andikeni tarehe kwenye kisanduku, pigeni picha ya mwisho, na mpake ukuta rangi yake ya awali kama mlivyomwahidi mwenyewe kwenye barua. Yeye akisema mchoro ubaki, badilisheni tarehe kwenye idhini na mtie sahihi upya.